Haki za Mgonjwa wa Dawa za Kulevya: Sitara Imo Ndani ya Sheria



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona tuseme wazi juu ya jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona: kijana, mume au dada aliyenaswa na dawa za kulevya au pombe. Maradhi haya tuliyaona tangu kwetu, unga ulipoingia Zanzibar, Mombasa na Malindi, na familia nyingi zikachagua kumficha mgonjwa. Huku ughaibuni tumeongeza hofu mbili: hofu ya watu kujua, na hofu ya serikali kujua. Lakini sitara tunayoitafuta kwa kumfungia mgonjwa nyumbani imo ndani ya sheria ya nchi hii.

SIRI YAKE NI YAKE

Tangu miaka ya 1970 ipo sheria ya serikali kuu inayolinda kwa namna ya pekee kumbukumbu za wanaotibiwa ulevi. Kituo kinachopata msaada wa serikali hiyo, na vingi mno hupata, hakiruhusiwi hata kukiri kwamba fulani anatibiwa hapo bila ya idhini yake ya maandishi. Mwajiri akipiga simu, haambiwi. Polisi akija bila ya amri maalumu ya mahakama, haambiwi. Siri hufunguliwa kwa sababu chache, kama vile maisha kuwa hatarini, mtoto kudhulumiwa, au uhalifu kutendwa ndani ya kituo. Kanuni za mwaka 2024 zimeruhusu idhini moja itumike kwa matibabu na malipo yote ya baadaye. Basi karatasi isomwe kabla ya kutiwa saini. Idhini hiyo mgonjwa aweza kuiondoa.

Hapa wazazi hupata uchungu. Mwana aliyetimiza miaka 18 akikataa, baba haambiwi kitu, hata akiwa ndiye mlipaji. Maryland humruhusu hata aliye chini ya umri huo kukubali mwenyewe matibabu haya. Tusione ni dharau. Kijana aendaye kwa siri amekwenda. Asiyekwenda kwa kutuogopa, twaweza kumzika.

LUGHA

Sheria ya haki za raia ya 1964 na sheria ya afya ya 2010 zinavitaka vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu vimpatie mgonjwa mkalimani bila ya malipo. Mtoto mdogo asifanywe mkalimani, ila kwa dharura. Si adabu binti wa miaka 12 kumtafsiria mama yake habari za ulevi wa baba.

DAWA NA IBADA

Methadoni si kubadilisha ulevi kwa ulevi. Ni tiba, na hata Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa faida na madhara yake, na kukubali au kukataa. Kwa kuwa hunywewa kliniki mchana, wafungao Ramadhani hutatizika. Kanuni za 2024 zinaruhusu, daktari akiona ni salama, kuchukua nyumbani dozi za hadi siku 7 katika wiki 2 za mwanzo, kisha 14, na baada ya mwezi 28. Basi aombe mapema, ainywe wakati wa daku au baada ya kufuturu. Asiache dawa kwa ajili ya saumu kabla ya kumwuliza daktari na shekhe. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

HOFU YA UHAMIAJI

Kwa sheria ya 1986, chumba cha dharura cha hospitali humpima na kumtuliza kila mgonjwa, awe na karatasi au asiwe nazo. Hospitali iliyokuwa mjini petu, ikahamia White Oak mwaka 2019, nayo inafungwa na sheria hiyo. Aliyezidiwa na dawa aitiwe 911 mara moja: tangu 2015 Maryland humkinga anayeita msaada, pamoja na mgonjwa, wasikamatwe kwa kosa la kuwa na dawa hizo. Ila tujihadhari: bangi iliruhusiwa Maryland mwaka 2023, lakini sheria ya uhamiaji haijairuhusu. Asiye raia amwone mwanasheria kabla ya kujaza fomu au kwenda kwenye mahojiano.

Kila nyumba iweke naloksoni, dawa ya kumrudisha aliyezidiwa na heroini au fentanili. Tangu 2023 huuzwa madukani bila ya cheti cha daktari. Mwenye shida apige 988, usiku au mchana.

Mgonjwa ni wetu. Tumsitiri kwa kumpeleka kwenye tiba.

Wabillahi tawfiq.