Jozani: Mandhari Inayoongozwa na Maji

Msitu wa Jozani uko kwenye bonde la chini kati ya Ghuba ya Chwaka na mikoko ya Pete, kiasi cha kilomita 35 kusini-mashariki ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Maji ya ardhini hapo yako karibu mno na uso wa udongo, na masika yakikolea hupanda yakaifunika sakafu ya msitu. Kwa sababu hiyo mitondoo na michikichi imerefuka na kushikana vilele, ilhali hatua chache kando, kwenye maweni ya matumbawe yasiyoshika maji, vichaka vimebaki vifupi na vikavu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 50, imekusanya yote hayo pamoja na mikoko. Mpiga picha wa mandhari anayekwenda huko huuliza kwanza habari za maji, kisha za jua.

Ndani ya msitu, jua kali ni adui. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Mwanga hudondoka kupitia majani vipande vipande, na kamera haiwezi kuyapokea kwa pamoja mabaka meupe na kivuli kizito kilicho chini yake: ama majani huungua yakawa meupe, ama mashina huzama gizani. Siku ya mawingu, ambayo wageni wengi huiona imeharibika, ndiyo siku ya kazi. Mwanga huenea sawa, kijani hujitokeza kwa daraja zake zote, na mvua iliyonyesha punde huyakoza magamba ya miti. Majani yaliyolowa hung'aa kupita kiasi, na kichujio cha kupunguza mng'ao huyarudishia rangi. Giza la chini ya miti hudai lenzi iachwe wazi kwa muda mrefu, wakati mwingine sekunde nzima, hivyo kamera huwekwa juu ya miguu mitatu. Ugumu mkubwa zaidi ni wingi wa vitu: mizizi, makuti na kamba za mitambaazi hugombea jicho. Picha hutulia pale mpigaji anapochagua shina moja au dimbwi moja lililobaki baada ya masika na kuyaacha mengine yawe nyuma yake.

Kima punju, wanaopatikana Unguja na karibu kisiwa hicho peke yake, huonekana zaidi pembezoni, karibu na mashamba na barabara. Katika picha ya mandhari kima mdogo juu ya tawi hutosha kuonyesha ukubwa wa mti. Hakuna haja ya kumsogelea wala kummulika kwa taa ya kamera.

Mikoko ndiyo inayostahili siku nzima. Daraja jembamba la mbao limepita katikati yake, na mahali palepale hutoa picha mbili tofauti kabisa kwa siku moja. Maji yakitoka, mizizi ya mkoko husimama kama matao juu ya tope na ile ya mchu huchomoza mithili ya vidole. Maji yakijaa, matao yale hupata kivuli chake majini na kuwa duara kamili. Kwenye pwani ya Unguja, siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, bahari hujaa karibu na saa kumi alasiri na kukauka karibu na saa nne asubuhi. Mifereji ya ndani huchelewa kidogo. Kila siku wakati huo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50, hata ikifika siku ya maji mafu, juma moja baadaye, kujaa kumehamia saa nne asubuhi na kwenyewe ni kudogo. Anayetaka maji tele pamoja na mwanga laini wa jioni basi hutazama mwezi kabla ya kupanga safari, kama wavuvi wa Chwaka wanavyofanya kabla ya kushusha ngalawa. Upepo nao huhesabiwa: kusi likivuma, uso wa maji huchanika na kivuli cha mizizi hupotea.

Upande wa kaskazini ghuba hufunguka. Kijiji cha Chwaka kinatazama mashariki, hivyo alfajiri ni yake. Ng'ambo, Michamvi Kae hutazama magharibi juu ya ghuba hiyohiyo, jambo adimu katika pwani ya mashariki ambako fukwe nyingi hazilioni jua likitua baharini. Bamvua likikauka huacha uwanja mpana wa mchanga wenye mifuo, wakati mwingine na wanawake wakienda au kurudi kutoka pwani. Hao huombwa ruhusa kwanza, kwani wako kazini. Karibu na ikweta jua hushuka wima na wekundu wa mbingu hauchukui nusu saa. Kamera huwa imeshawekwa mahali pake mapema, huku mifuo iliyobakiza maji ikielekezwa kwenye mstari wa mikoko ng'ambo, kwa kuwa mara jua linapozama maji hayo machache hubaki na rangi dakika kadhaa baada ya mchanga mkavu kuwa kijivu.