Kuku Mia Moja na Daftari: Jinsi Biashara Ndogo Inavyokua

Kila mwezi hufika ofisini kwetu wakulima wa skimu wenye swali moja. Husema, "Bwana Karani, nimeuza viazi, nina fedha kidogo, nataka kuanza biashara. Nifanye biashara gani?" Swali ni jema, lakini liko swali linalolitangulia, nalo ni hili: utajuaje kama biashara yako yaleta faida au yala mali yako polepole? Wengi hawajui. Hata mimi, niliyesomea ualimu na kufundisha hesabu darasani, sikujua mpaka niliponyolewa bila maji.

Twaeleza jambo hili kwa mfano wa kuku wa mayai, maana watu wengi wa skimu huijaribu kazi hiyo, tena ndiyo iliyompa mali mtu mmoja wa upande wetu huu wa Kikuyu.

Mtu huyo ni marehemu Nelson Muguku Njoroge. Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Kanyariri, si mbali na hapa Kinoo. Alijifunza useremala, akawa mwalimu, akafundisha hata Kapenguria. Kabla ya Uhuru aliacha kazi hiyo yenye mshahara ili afuge kuku. Siku zile mwalimu alikuwa mtu wa heshima kubwa kijijini, na kuku walikuwa kazi ya akina mama na watoto. Basi msomaji aweza kujua mwenyewe watu walisema nini. Mwaka 1965 alinunua shamba la Sigona lenye mtambo wa kutotoa vifaranga. Alipofariki mwezi wa Oktoba 2010 alikuwa tajiri, naye kwa muda alikuwa miongoni mwa watu binafsi wenye hisa nyingi zaidi katika benki ya Equity.

Hebu tuangalie hatua ile ya 1965. Mwenye kuuza mayai hushindana na kila mtu mwenye kuku. Lakini kila atakaye kufuga kuku wa mayai hana budi kwanza kununua vifaranga, na yai lahitaji siku 21 katika joto lisilobadilika ndipo liangulike. Kazi hiyo si ya kila mtu. Kwa hiyo mwenye mtambo huwauzia wale wale ambao zamani walikuwa washindani wake. Jirani zake wakiongezeka katika ufugaji, yeye hapati hasara, bali hupata wanunuzi. Sisemi kila msomaji akanunue mtambo. Nasema yafaa mtu atazame kazi yake yote, tangu mwanzo hata mwisho, aone ni wapi wenzake hukwama.

Sasa nieleze kosa langu. Nyuma ya nyumba yangu hapa Kinoo nilijenga banda la mabati nikaweka kuku 100. Kila asubuhi niliokota mayai, nikayauza kwa maduka ya karibu, na fedha ziliingia mfukoni. Kwa fedha hizo nililipa karo, nikanunua unga, nikachangia harusi, na zilizobaki nikanunulia chakula cha kuku. Nilijiona mfanyabiashara. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa kuku walikuwa wazee, na nilipotaka kununua vifaranga wengine sikuwa na hata shilingi. Nilikuwa nimekula biashara yangu kidogo kidogo, tena kwa furaha.

Hesabu ambayo ningeifanya ni ndogo, na mtoto wa shule aiweza. Kuku mmoja wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 100 basi hula kilo 12, na gunia la kilo 70 halimalizi siku sita. Kuku hao wakitaga vizuri utapata mayai 80 kwa siku. Gawanya kilo 12 kwa mayai 80, kisha zidisha kwa 30, ambayo ni mayai ya trei moja. Utaona kwamba trei moja imekula kilo nne na nusu za chakula. Lakini kuku wale wale wakishuka wakataga mayai 60, trei moja imekula kilo sita. Wakifika mayai 50, imekula kilo saba na zaidi.

Tuseme kilo moja ya chakula wainunua shilingi 50, na trei waiuza shilingi 300. (Bei hizi ni za mfano tu, mkulima aweke zake.) Penye mayai 80, chakula cha trei moja ni shilingi 225, nawe wabakiwa na 75 za dawa, maranda, nauli na faida yako. Penye mayai 60, chakula ni shilingi 300 kamili. Hubakiwi na kitu. Bado waokota mayai kila asubuhi, bado fedha zaingia, watoto waona baba auza mayai, kumbe wawafanyia kuku kazi ya bure. Hapo ndipo nilipokuwa mimi kwa miezi minne bila kujua.

Kwa hiyo kila jioni andika mambo mawili katika daftari: mayai yaliyookotwa na kilo zilizoliwa. Mayai yakipungua ghafula, tafuta sababu siku hiyo hiyo. Huenda maji yalikwisha mchana, au chakula kimebadilishwa, au ugonjwa waingia. Wakipungua kwa uzee, wauze kwa nyama mapema, usingoje wakufilisi. Si vema kumwonea kuku huruma kwa kuwa zamani alitaga.

Liko shimo jingine ambalo wenye mikopo hutumbukia. Kifaranga wa siku moja hukaa miezi minne na zaidi kabla hajataga yai la kwanza, na katika muda huo hula kilo saba au nane. Kwa vifaranga 100 hayo ni magunia kumi au kumi na moja, kabla hujauza yai hata moja. Nimewaona watu waliotumia mkopo wote kwa banda zuri la mawe na vifaranga, na kufika mwezi wa tatu wakaanza kupunguza chakula. Kuku aliyenyimwa chakula katika kukua hatatoa mayai 80 kwa mia. Afadhali banda la mabao na kuku 50 walioshiba. Tena usiache chanjo ya kideri na ya Gumboro, maana kideri chaweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

Juu ya fedha, zisichanganywe. Mama mmoja hapa Kinoo huuza mayai ya kuchemsha yenye kachumbari penye kituo cha magari. Ana laini mbili za simu. Fedha za mayai huingia katika moja kwa M-Pesa, na katika ile ya pili huweka mshahara anaojilipa mwenyewe kila Jumamosi. Mumewe akiomba fedha, hupewa za laini ya pili. Nilimcheka nilipoona hayo mara ya kwanza. Siku hizi simcheki. Alianza kwa trei moja, sasa hununua trei nne kila siku, na hakopeshi mtu ila mwalimu mmoja, ambaye simtaji.

Kuhusu soko, Kinoo ya sasa ni majumba ya ghorofa, na wapangaji hununua mayai mawili mawili kila jioni. Mayai mengi ya upande huu hupitia soko la Wangige, ambako bei hupanda na kushuka. Mayai ya Uganda yakiingia kwa wingi hushuka haraka. Mkulima wa skimu aliye mbali asilete trei kumi kwa matatu, maana nauli itakula faida. Yafaa wakulima watano au sita wapatane, wakodi gari moja, na wawe na mnunuzi wanayemjua kabla ya kupakia. Tena mbolea ya kuku isitupwe. Viazi na kabeji za skimu zaihitaji, na fedha usizotumia kwa mbolea ya dukani ziandikwe katika daftari kama mapato.

Na kuku 100 wataongezwa lini? Wakati fedha za vifaranga wapya na magunia yao kumi zimekwisha kupatikana kutoka kwa kuku wa kwanza, si kutoka kwa ng'ombe uliyemwuza. Mimi nimeanza tena mwaka huu na kuku 40. Jana walitaga mayai 33, wakala kilo tano kasorobo.