Ndoo ya Tanzania, Ndoo ya Meghalaya

Ndoo iliwekwa mita tatu mbele, na mchezaji akapewa nafasi kumi za kutumbukiza mpira wa tenisi. Kabla ya kurusha, alichagua malipo. Angeweza kupokea kiasi kilekile kwa kila mpira ulioingia, au kushindana na mtu asiyemwona: akimshinda, alipwe mara tatu, akishindwa, aondoke mikono mitupu.

Mchezo huu walicheza Wamaasai wa Tanzania, kisha Wakhasi wa jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Wachumi Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List, waliochapisha matokeo yake mwaka 2009, walitaka kupima dai lililozoeleka kwamba mwanamke hubaki na kazi za chini kwa kuwa kaumbwa asipende ushindani.

Kwa Wamaasai, nusu ya wanaume walichagua kushindana, wanawake asilimia 26 tu. Kwa Wakhasi mambo yaligeuka: wanawake asilimia 54, wanaume 39.

Mwanamke wa Kimaasai huolewa akahamia boma la mume, na mwenye kauli juu ya ng'ombe ni mume. Kwa Wakhasi mtoto ni wa ukoo wa mama, mali ya familia humwangukia binti wa mwisho, na mume mara nyingi ndiye anayehamia ukweni. Hata hivyo, Wakhasi hawatawaliwi na wanawake. Mjomba anasikilizwa sana, na mabaraza ya jadi yamekuwa ya wanaume. Hilo ndilo linalonigusa zaidi: mila haikulazimika kupinduliwa yote ndipo mwanamke athubutu.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, uliwalinganisha watoto wa Kikhasi na wa majirani zao Wakarbi, wanaofuata ukoo wa baba. Wakiwa wadogo, wasichana na wavulana wa pande zote mbili hawakupishana katika moyo wa kushindana. Pengo lilijitokeza kwa Wakarbi karibu na balehe, na ni wasichana waliorudi nyuma.

Kwetu pia msichana akivunja ungo huanza kufundishwa upya namna ya kukaa, kucheka na kunyamaza mbele ya wanaume. Semina za ujasiri kwa wanawake wazima zina faida yake, lakini zinamfikia mtu aliyekwisha kufunzwa kurudi nyuma, na hazimgusi kabisa yule anayemfunza.