Filamu ya dola 85: Nani hulipa gharama ya kicheko?

MWAKA 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha, ilijaa magari kuliko wakati wowote uliopata kukumbukwa. Maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani walikuwa wakienda kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa Sh500.

Ndani ya foleni hiyo mambo mawili yalikwenda bega kwa bega. Walikuwapo wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao, na wapo waliokata roho kabla ya kukifikia kikombe. Walikuwapo pia wakubwa walioshuka kwa helikopta. Muda si muda wakaibuka watoa vikombe wengine katika mikoa kadhaa, ikiwamo Mbeya na Tabora, kila mmoja akisema naye ameoteshwa.

Wataalamu wa fasihi wana jina la mkasa wa namna hii. Tanzia ni mchezo wa majonzi na futuhi ni mchezo wa kuchekesha. Vikichanganywa, mtazamaji hucheka huku roho ikimuuma. Ni aina ngumu ya filamu kuliko nyingi, kwa sababu mtengenezaji akikosea kidogo, huonekana anamcheka mgonjwa badala ya kuucheka ulimwengu uliomfikisha mgonjwa hapo.

Swali ni je, mkasa kama wa Samunge ungeweza kufanywa filamu na watu wasio na fedha? Jibu halipo mbali. Lipo Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, Uganda, ambako mwaka 2010 ilitolewa filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimuua Kapteni Alex?

Mfyatua matofali mwenye kamera

Mtunzi, mwongozaji, mpiga picha na mhariri wa filamu hiyo ni mtu mmoja, Isaac Nabwana, ajulikanaye kama Nabwana I.G.G. Alizaliwa mwaka 1973 na utoto wake ulipita katika miaka ya utawala wa Idi Amin. Alifyatua matofali ili kupata riziki, akajifunza mwenyewe kazi ya filamu, na mwaka 2005 akaanzisha kampuni ya Ramon Film Productions. Jina hilo limetokana na majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica.

Nabwana ametaja gharama ya filamu hiyo kuwa dola 85 za Marekani. Taarifa nyingine hutaja dola 200. Vyovyote iwavyo, ni fedha ambayo kwa kampuni nyingi za filamu isingetosha chakula cha mchana cha waigizaji.

Kompyuta iliyotumika kuhariri iliungwa kwa vipuri vya zamani. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na fundi wa kundi hilo, Dauda Bisaso, ambaye pia aliunda mtambo wa kuinulia kamera. Moto wa risasi na milipuko viliongezwa baadaye kwa kompyuta, na picha zilizohitaji kubadilishwa mandhari zilipigwa mbele ya kitambaa cha kijani kilichotundikwa ukutani.

Damu nayo ina kisa chake. Awali kundi hilo lilitumia damu ya ng'ombe, likaacha baada ya mwigizaji kuugua. Ndipo likaanza kutumia kondomu zilizojazwa maji yenye rangi ya chakula, ambazo hupasuka mwigizaji anapopigwa risasi.

Hadithi ni nyepesi. Kapteni Alex, askari hodari, anatumwa kulisambaratisha genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia, linaloongozwa na Richard. Ndugu wa Richard anakamatwa, Richard anaapa kulipa kisasi, na Alex anakutwa ameuawa. Ndugu yake Alex, bingwa wa kung fu aitwaye Bruce U, anaingia kazini kumtafuta muuaji.

Risasi zinarindima, helikopta inashambulia Kampala, watu wanaanguka kama maembe wakati wa upepo. Mwisho wa yote sheria ya kijeshi inatangazwa na filamu inakwisha. Nani alimuua Kapteni Alex? Halijibiwi hadi mwisho.

Hapo ndipo uchungu wa futuhi hii ulipo. Mtu anaweza kuona ni uzembe wa mtunzi. Lakini kwa watu waliokulia katika nchi ambayo wengi waliuawa na wauaji wao hawakupata kujulikana, swali lisilojibiwa halina ugeni wowote.

Sauti inayocheka kwanza

Kinachoifanya filamu hiyo ichekeshe zaidi ni sauti ya mtu asiyeonekana, VJ Emmie. Nchini Uganda, VJ ni msimulizi anayekaa katika kibanda cha video na kuwaeleza watazamaji kinachoendelea katika filamu ya lugha ya kigeni, huku akitia chumvi, mizaha na mafumbo ya mtaani.

Kazi hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania Lufufu alipata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na nchini Kenya yupo DJ Afro. Tofauti ya Wakaliga ni kwamba msimulizi aliwekwa ndani ya filamu ya nyumbani. Emmie anawasifu waigizaji kupita kiasi, anawatania, na anaushangilia mlipuko kabla haujatokea.

Sauti hiyo ndiyo iliyoiokoa filamu. Nabwana alilazimika kuifuta nakala ya awali ili kupata nafasi katika kompyuta kwa ajili ya filamu iliyofuata. Iliyobaki ni nakala ya DVD yenye masimulizi ya Emmie, tena yenye picha hafifu.

Filamu haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali. Waigizaji wenyewe walizibeba DVD na kuziuza nyumba kwa nyumba, wakigawana mapato. Walikuwa na siku chache tu za kuuza kabla nakala za wezi hazijaenea mitaani.

Lakini kionjo kilichowekwa katika mtandao wa YouTube Januari 2010 kilitazamwa na mamilioni ya watu. Mmarekani Alan Hofmanis alikiona mwaka 2011, akasafiri hadi Wakaliga, akahamia huko na kuanza kuigiza. Mwaka 2015 filamu nzima iliwekwa YouTube. Mwaka huohuo kundi liliomba mtandaoni mchango wa dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine, likapata zaidi ya dola 13,000.

Mafanikio yakafuata. Filamu yao Bad Black ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest mjini Austin, Marekani, mwaka 2016, na mwaka 2019 filamu ya Crazy World ilionyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada.

Umaarufu huo ulikuja na swali lisilokwepeka. Mtazamaji wa Ulaya anapocheka, je, anacheka pamoja na watu wa Wakaliga au anawacheka wao na umaskini wao? Wapo watakaojibu kuwa filamu hizo zinalitia aibu bara zima.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inamsahau Emmie. Kabla mgeni hajaicheka bunduki ya bomba, msimulizi ameshaicheka. Mwenye nyumba amejitania mwenyewe mbele ya wageni, na anayefanya hivyo huchagua mzaha uanzie wapi na uishie wapi.

Hesabu ambayo haikuandikwa

Kwa upande mwingine, dola 85 si hesabu kamili. Haimo siku waigizaji walizoshinda juani bila ujira, uwanja wa nyumba uliogeuzwa kuwa studio, wala majirani waliovumilia kelele na kujitolea kufa mara tatu katika filamu moja. Gharama hizo zililipwa, ila aliyelipa ni mtaa. Filamu ya bei ndogo haikosi gharama. Huwa imebebwa na watu ambao majina yao hayamo katika bajeti.

Ndiyo maana funzo la Wakaliga kwa kijana wa Samunge mwenye simu ya kupigia picha halihusu fedha peke yake. Nchini Tanzania atahitaji pia kibali, kwani filamu ziko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Lakini zaidi ya kibali atawahitaji wanakijiji wakubali kuwa ndani ya kicheko hicho na wawe wa kwanza kuitazama kazi hiyo.

Mkasa wa kikombe unawagusa watu walio hai. Wapo wanaoamini walipona. Wapo waliozika ndugu walioacha dawa za hospitali kwa matumaini ya kikombe, ambacho uwezo wake wa kuponya magonjwa sugu haukuthibitishwa kisayansi. Mchungaji Mwasapile mwenyewe alifariki dunia Julai 2021. Mgeni akija na kamera akacheka, ataonekana anadhihaki makaburi. Aliyesimama kwenye foleni ile na mama yake mgonjwa mgongoni anaweza kusimulia jinsi helikopta ilivyotua na kuwapita, watu wakacheka, kisha wakanyamaza.

Kamera za habari zilikwenda Samunge mwaka 2011 na zikaondoka foleni ilipokwisha. Wenyeji, wanaoijua foleni ile kwa majina ya watu, walibaki.