Diwali Nyumbani: Kipindi Kisichokuwa Kwenye Ratiba

Ukimuuliza mwanachuo wa kawaida hapa Dar es Salaam Diwali ni nini, atakwambia ni sikukuu ya Wahindi ya kulipua fataki. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, si ya Wahindi wote. Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofanana mno: Mhindi, yaani mtu mwenye asili ya India, na Mhindu, yaani mfuasi wa dini ya Uhindu. Ismailia na Bohora ni Waislamu, Wagoa wengi ni Wakatoliki, na wote hao wana sikukuu zao. Diwali ni ya Wahindu, ingawa Wajaini na Kalasinga nao huiadhimisha kwa sababu zao wenyewe. Pili, fataki ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Sikukuu yenyewe hufanyika nyumbani, na kazi nyingi hufanywa na watoto.

Nayasema haya kwa sababu huu ni mwaka wa pili nafundisha tuisheni kwenye nyumba moja ya Wagujarati kule Upanga. Nina wanafunzi wawili, binti wa darasa la sita na mdogo wake wa kiume wa darasa la tatu. (Boom likichelewa, tuisheni ndiyo nauli.) Nimeajiriwa kwa ajili ya hisabati tu, lakini kila Oktoba ikikaribia, nyumba ile hugeuka darasa ambalo mimi si mwalimu wake.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo huwachanganya watu. Diwali huadhimishwa usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Wanaofuata mwezi mwandamo wataelewa haraka: miezi 12 ya mwandamo ni kama siku 354, pungufu ya siku 11 hivi kwa mwaka wa kawaida, ndiyo maana Idi huzunguka mwaka mzima. Kalenda ya Kihindu nayo hurudi nyuma vivyo hivyo, ila takriban kila baada ya miaka mitatu huongezewa mwezi mzima ili isiachane na majira. Angalia: Novemba 12 mwaka 2023, Oktoba 31 mwaka 2024, Oktoba 20 mwaka 2025, halafu inaruka mbele hadi Novemba 8 mwaka 2026. Haitoki nje ya Oktoba na Novemba.

Kwa Wagujarati sherehe huchukua siku kama tano. Ya kwanza, Dhanteras, inahusu mali, na wengi hununua chochote cha metali, hata kijiko. (Neno letu pesa lenyewe asili yake ni kulekule India, kwa hiyo tusijione wageni sana.) Siku ya Diwali wafanyabiashara huombea baraka vitabu vipya vya hesabu. Kisha huja mwaka mpya. Oktoba 2025 wenzetu hawa waliingia mwaka 2082 kwa hesabu ya kalenda yao. Kuhusu vyakula sitasema mengi, mtu yeyote aliyewahi kula ladu, gathia na chevda anajua kinachoendelea jikoni.

Kitu kilichonikamata mimi ni rangoli, yale maua ya unga wa rangi yanayochorwa sakafuni mlangoni. Kwa mbali unadhani mtu amekaa tu akamwaga. Kumbe kwanza zinapigwa nukta kwa mistari, zikiwa na nafasi sawa, halafu zinaunganishwa. Yule mdogo, ambaye daftari lake la maumbo lina alama nyekundu tupu, alichora robo moja, akazunguka upande wa pili na kuirudia robo ile kinyume bila kupima na rula. Dada yake akamsahihisha nukta moja tu. Darasani tunamchorea mstari katikati ya kipepeo na kumwambia pande zote mbili zinalingana, tunaishia hapo. Hapa kosa linaonekana palepale, tena na kila mgeni anayeingia. Siku mbili baadaye nilimfundisha mada ileile nikianza na nukta, tukaenda vizuri.

Halafu kuna Ba, bibi yao mzaa baba. Ba anazungumza Kigujarati na Kiswahili cha Dar safi kabisa, cha zamani, chenye “mwanangu” na “hebu njoo hapa”. Watoto wanasoma shule ya Kiingereza. Kigujarati chao ni cha kuombea maji na kuagiza chapati, na Kiingereza cha Ba ni cha salamu. Kwa hiyo hadithi ya Rama, jinsi alivyokaa uhamishoni miaka 14, Sita akatekwa na Ravana, na hatimaye watu wa Ayodhya wakawasha taa kumpokea, watoto wale wameisikia kwa Kiswahili. Nilikuwepo. Kijana akauliza, “Ba, kwa nini taa, si walikuwa na mwezi?” Ba akacheka: “Mwezi ulikuwa haupo, mwanangu, ndiyo maana wakawasha.” Watu husema Wahindi hawataki Kiswahili. Katika nyumba ile, Kiswahili ndicho kinachomuunganisha bibi na wajukuu zake.

Sasa tatizo. Diwali si sikukuu ya kitaifa Tanzania. Kenya, sheria ya sikukuu inaitambua kuwa mapumziko kwa Wahindu. Hapa kwetu ni siku ya kazi, tena katikati ya msimu wa mitihani. Mwaka 2025 iliangukia Jumatatu, na Jumanne yule binti alikuwa na mtihani wa sayansi. Mama mtu aliamua ibada ifanyike mapema, taa ziwashwe, na saa tatu usiku watoto wawe wamelala. Ba hakufurahi. “Taa ya saa moja si taa,” alisema, kisha akanyamaza, na ukimya wa bibi unaujua. Mwaka mpya wao ulikuja Jumatano. Asubuhi hiyo ndipo watoto hugusa miguu ya wazee (wengi husema shikamoo yetu nayo ina maana hiyo, “nashika miguu yako”), husema “Saal Mubarak”, na hupewa hela kama tunavyopewa mkono wa Idi. Basi la shule lilifika saa kumi na mbili na nusu. Wakagusa miguu ya Ba wakiwa na mabegi mgongoni.

Kwa wenzangu tutakaokwenda BTP: mtoto wa namna hii atakaa dawati la mbele akiwa na usingizi, na kwenye daftari la mahudhurio atakuwa “yupo”. Mimi naona shule ingeweza kusogeza jaribio siku mbili bila hasara yoyote, mradi mwalimu ajue tarehe tangu Januari. Kalenda ya Diwali hutolewa mapema kuliko ratiba zetu za mitihani.

Mwaka 2026 Diwali ni Jumapili, kwa hiyo Ba atawasha taa zake saa anayotaka yeye. Mwaka mpya ndio utakaoangukia siku ya shule, na wameshaanza kubishana.