Ndege ndogo za mbao: Kazi ya mikono msimu wa korosho ukiisha

MKULIMA wa Kitomanga, mkoani Lindi, akishakabidhi korosho zake ghalani, hukaa muda mrefu akisubiri zao jingine limpe fedha. Miezi hiyo ndiyo ya kukopa dukani, na ndiyo inayofaa kwa kazi ya mikono isiyohitaji mtaji mkubwa.

Mojawapo ya kazi hizo ni kutengeneza na kupaka rangi sanamu ndogo sana za ndege. Watoto wa vijijini tayari huunda ndege kwa mabua ya mtama na njiti. Tofauti kati ya mchezo huo na biashara ni vipimo.

Kipimo kwanza

Watengenezaji wa sanamu hizi duniani hutumia uwiano maalumu. Unaojulikana zaidi ni wa 1 kwa 72, ulioanza kuenea Uingereza miaka ya 1930. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge sanamu 500,000 za namna hiyo ili askari wajifunze kutambua ndege za adui. Kwa hiyo kazi hii haikuanzia kiwandani bali kwenye meza ya mchongaji.

Uwiano mdogo zaidi ni wa 1 kwa 144. Ndege aina ya Cessna Grand Caravan, ambayo wakazi wa pwani wameizoea, ina mabawa yenye upana wa mita 15.88 na urefu wa mita 12.68. Ukigawanya kwa 144, sanamu yake inakuwa na mabawa ya sentimita 11 na urefu wa sentimita 8.8. Hiyo inaenea kiganjani, na mgeni anaitia mfukoni.

Vifaa na hatua

Kinachohitajika ni kisu kikali, wembe, msasa wa aina mbili, gundi ya mbao, brashi nyembamba na rangi. Mbao iwe kavu kabisa, kwani mbichi hupinda na kupasuka ikishapakwa rangi. Mabaki ya fundi seremala yanatosha.

Kiwiliwili huchongwa kwanza, kisha mabawa kutoka kipande chembamba. Caravan ina mabawa juu ya kiwiliwili, yakishikiliwa na nguzo moja kila upande. Nguzo hizo hutengenezwa vizuri kwa chelewa za mnazi, ambazo ni nyembamba, imara na hazinunuliwi.

Wengi huharibu kazi kwenye rangi. Katika uwiano wa 1 kwa 144, tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na zaidi ya sentimita 1.4 kwenye ndege halisi. Rangi nzito hufuta madirisha na kingo zote. Hivyo basi, rangi ichanganywe na tina, ipakwe mara mbili au tatu, na kila tabaka likauke na kusuguliwa taratibu kwa msasa laini. Rangi nyepesi hutangulia, nyeusi hufuata. Mistari huzuiwa kwa selotepu iliyokatwa kwa wembe. Kazi hii ifanyike penye hewa, kwa kuwa harufu ya tina ina madhara.

Hesabu ya bei

Chukua mfano: fundi ametumia siku tatu kutengeneza ndege sita, vifaa vikagharimu Sh 6,000. Kama kibarua cha shambani kingempa Sh 5,000 kwa siku, gharama yake ni Sh 21,000, yaani Sh 3,500 kwa kila ndege. Moja ikivunjika, zilizobaki tano zinagharimu Sh 4,200 kila moja, kabla ya nauli. Anayeuza chini ya hapo anajidanganya kuwa ana biashara.

Soko na sheria

Wanunuzi hawako Kitomanga. Wako Kilwa Masoko, wanakopitia watalii waendao magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na wako kwenye maduka ya vinyago ya Mwenge, Dar es Salaam. Ni busara kupeleka sampuli tatu na kusikiliza maoni kabla ya kutengeneza 50.

Kinachopandisha bei ni historia. DC-3 ya East African Airways, shirika lililovunjika mwaka 1977, ina wazee wanaoikumbuka. Vilevile, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoongoza mizinga dhidi ya meli ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, Julai 11, 1915. Kikaratasi chenye maelezo hayo hakigharimu kitu.

Aidha, mchongaji asikate mpingo bila kibali. Mti huo unalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Nembo za mashirika ya ndege nazo zisichorwe bila ruhusa.

Sanamu hizi hazitachukua nafasi ya korosho. Lakini kwa mwenye mkono mtulivu na hesabu sahihi, zinaweza kupunguza deni la dukani kabla ya msimu mwingine.