Mwili Nao Hujieleza Mbele ya Kamati ya Mikopo

Sheria inaitaka kila halmashauri nchini Tanzania itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Andiko zuri la mradi halitoshi. Viongozi wa kikundi huitwa kujieleza, na hapo ndipo baadhi ya vikundi vyenye biashara hai huyumba. Mwenyekiti huingia akiwa amejikunyata, mweka hazina hujibu akisokota ncha ya kanga, na swali dogo kuhusu marejesho hupata jibu la kunong'ona. Wahojaji, wasioweza kuona yaliyomo moyoni, hubaki na shaka juu ya hesabu ambazo pengine ni sahihi kabisa.

Mtu aketi mgongo ukiwa wima, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, na mikono ionekane. Mikono iliyokunjwa kifuani humfanya aonekane amejifunga, hata kama anasikia baridi tu ya asubuhi. Kushika tama ni dalili ya huzuni. Mtu anayeomba kuaminiwa kwa fedha za umma hana haja nayo. Kusimama mikono kiunoni, jambo ambalo vitabu vingi vya ugenini hulisifu kuwa ishara ya kujiamini, mbele ya wazee wetu huhesabiwa ujeuri.

Dawa bora ya mikono inayotetemeka ni kuipa kazi. Mweka hazina afungue daftari, aweke kidole kwenye mstari wa mauzo ya mwezi uliopita, kisha ausome. Sauti hutulia yenyewe pale macho yanapokuwa na mahali pa kutua, na anayeuliza huona ushahidi badala ya wasiwasi.

Suala la macho linahitaji busara zaidi. Vijana wengi wamelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na hiyo ni adabu, si hila. Inatosha kumtazama muulizaji anapouliza na jibu linapoanza, kisha kurudi kwenye daftari. Kukodoa macho bila kupepesa hakumsaidii mtu yeyote.

Husemwa mara nyingi kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya mawasiliano. Dai hilo lilizaliwa na majaribio ya Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967, yaliyohusu hisia zinazoonyeshwa kwa neno moja moja. Hayakuhusu mahojiano wala hesabu za biashara. Mkao mzuri hauwezi kuziba pengo la daftari lisilojazwa.

Wahojaji nao wana wajibu. Macho ya watu wengi wenye ualbino huchezacheza yenyewe na huumizwa na mwanga mkali. Kuyasoma kama dalili ya uongo ni dhuluma. Kiziwi anayetumia lugha ya alama humtazama mkalimani wake, si mwenyekiti wa kamati. Kikundi chenye mwanachama wa aina hiyo kimtaarifu mapema Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ili mkalimani atafutwe na kiti kiwekwe mbali na dirisha lenye jua kali.